Ombi la Betri za Makurunge

Nafanya kazi tawi la Bagamoyo la kampuni moja kubwa ya simu. Mwezi wa tatu huu tunaomba betri za mnara wa Makurunge, na kompyuta inajibu kila siku kwamba ombi linasubiri idhini. Bi Mwanahawa, mwenyekiti wa kitongoji, akija kuuliza, nawatupia lawama makao makuu.

Juzi nikapiga simu Dar mbele yake, nikaweka spika.

"Nani huyo aliyelalia ombi letu?"

"Ngoja niangalie, kaka," dada wa huko akajibu. "Linasubiri kaimu meneja wa tawi lenu."

Mezani kwangu kuna kibao cha "Kaimu Meneja", nilichokichongesha mwenyewe meneja wetu alipoanza likizo ya uzazi. Bi Mwanahawa akakigeuza kikanitazama.

"Si wewe huyu, mwanangu?"