Nati ya Nyuma Kabisa

Kule gereji za Gitothua, mjini Ruiru, fundi akishindwa na nati husema, "Hii mpelekee Kapanya." Kapanya ni Githae, mzaliwa wa Kiganjo, na jina hilo alilipata kwa sababu mkono wake wa kulia hupenya anakopenya panya: nyuma ya injini kuukuu, chini ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki na spana haina pa kugeukia. Huko hufumba macho akaviachia vidole kazi.

Mafundi wengine wana pupa, bwana. Mtu anaona nati imekula kutu miaka ishirini, anachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, anauma meno, anavuta. Kinachotoka ni kichwa cha boliti pamoja na ngozi ya vidole vyake. Githae huibembeleza. Huichoma kwa gesi, huigusisha mshumaa ili nta iyeyukie ndani, huigongagonga, huingoja ipoe, kisha huikaza kidogo kwanza. Wateja hupiga kelele: "Unakaza tena?" Naam, anakaza, maana nati iliyoshika huanza kutikisika upande isiotarajia. Na boliti inayotaka kukatika hulainika ghafla mkononi. Hapo unaacha upesi. Kwa miaka thelathini na moja vidole vyake havikuwa vimemdanganya.

Tangu Januari, vidole hivyo vilikuwa vikifa ganzi. Kikombe cha chai kilimponyoka mara mbili, akasema ni baridi. Asubuhi mkewe, Kui, alianza kumfunga vifungo vya shati bila kuuliza kitu, na kule kutouliza kulimchoma kuliko swali lolote. Hospitali hakwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo Githae alikuwa hodari wa kuwatolea wengine. Lakini aliogopa, tena sana. Bila vidole hivyo yeye alikuwa mzee mwenye sanduku la spana, na wazee wa namna hiyo Ruiru imejaa.

Jumamosi moja Magdalene, muuza mboga wa Kiuu, alileta pikapu yake ya dizeli. Moshi ulikuwa ukiingia ndani, naye alishuka akikohoa. Ilibidi bomba la moshi lifunguliwe pale linaposhikana na injini. Lilikuwa na nati tano. Wilkister, fundi ambaye Githae amefanya kazi naye miaka tisa, alitoa nne. Ya tano ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini.

"Hiyo ni yako, Baba Mumbi," alisema, akimpisha Githae.

Githae akajiwekea sharti kimoyomoyo: hii ikitoka, mkono bado ni wangu.

Aliichoma mpaka ikawa nyekundu, akaipaka nta, akaigonga. Kisha akangoja, akaigusa kwa migongo ya vidole kama alivyofanya siku zote. Hakusikia joto.

"Imepoa," alisema.

"Mapema hivyo? Si ungoje kidogo?"

"Wilkister, wewe ndio utanifunza nati?"

Mkono ukaingia hadi kiwikoni. Akafumba macho, akakaza kidogo. Nati ikatikisika. Akalegeza, akakaza, akalegeza. Alisikia kwenye bega ikikubali, na moyo ukamruka kwa furaha. Akaiweka spana kando, akaimalizia kwa ncha za vidole, taratibu, mzunguko kwa mzunguko.

"Kuna kitu inaungua," Wilkister alisema.

"Ni mafuta ya zamani hayo."

"Hapana, hii si mafuta."

"Nimekwambia ni mafuta!"

Nati ikatoka. Githae akauchomoa mkono, akaiinua juu watu waione. Magdalene alipiga makofi. "Ngai! Huu mkono uwekewe bima, fundi!"

Githae alicheka. Alicheka kwa sauti, kwa kuwa miezi yote ile ya hofu ilikuwa imekwisha. Akataka kumtupia Wilkister ile nati, lakini haikutoka mkononi. Ilikuwa imegandia.

Wilkister alimshika kifundo cha mkono, akaugeuza. Ngozi ya vidole vitatu ilikuwa imebambuka, nyeupe, na nati imezama katikati. Makofi yakakoma. Mtu mmoja akakimbilia maji.

"Baba Mumbi," Wilkister alisema polepole. "Na si unasikia uchungu?"

Githae aliutazama mkono wake kama mali ya mtu mwingine. Alitaka kumjibu kwamba anasikia. Akangoja uchungu uje ili asiwe amesema uongo. Maji yakaletwa, yakamwagwa, nati ikabanduliwa, naye bado anangoja.