Rula ya Babu na Magongo ya Mzungu

Wiki iliyopita fundi alikuja kwangu hapa Al Khuwair kutengeneza kabati. Akapitisha msumeno kwenye ubao wa msaji, na ile harufu yake ya ngozi na mafuta ikanifikia jikoni, nikaacha vitunguu viungue. Mtanisamehe. Kila nikiisikia harufu ile hujiona mtoto wa miaka tisa, nimekaa kitako juu ya rula ya babu yangu, nimenuna, sitaki kuondoka.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu mapinduzi yatutoe Unguja. Tulikaa Matrah, mji wa bandari wa Waarabu, nyumbani kwa ami yangu, chumba kimoja sisi sote, na Baba alifanyia useremala uani. Unguja alikuwa fundi wa kutajwa, hasa kwa bakora. Wazee wa mjini hawakushika bakora isipokuwa yake. Alichotoka nacho ni sanduku la zana tu, na ndani yake rula ya msaji ya futi nne, aliyoichonga babu kwa mkono wake na kuivika shaba kwenye ncha. Kila jioni Baba alizifuta zana moja moja, akazirudisha sandukuni na kutia kufuli, kama mtu mwenye safari ya kesho. "Tukirudi," ndilo lililokuwa neno lake. Tukirudi utasoma na wenzako. Tukirudi tutaipaka nyumba chokaa. Nami nikiitikia "inshallah" kwa moyo wote, maana Matrah sikuipenda hata chembe: joto lake, majabali yake, na watoto wa jirani waliokicheka Kiarabu changu.

Basi akaja Mzungu. Alikuwa mtu wa kampuni ya mafuta, mfupi, mwekundu kama pilipili, na Kiswahili chake alikiokota Nairobi. Alikuwa amenunua magongo tisa ya gofu kwa mwenzake aliyerudi kwao, na huyo mwenzake alikuwa mrefu kama mnazi. Akataka yapunguzwe yote, kila gongo limzidi mwenzake kwa nusu inchi kamili.

"Fundi, kama yote iko sawa, mimi sema na kampuni, wewe pata kazi. Nyumba pia," alisema.

Mama aliyesikia nyuma ya mlango alitia mikono kifuani akashukuru. Mimi sikushukuru. Kazi na nyumba maana yake kukaa, na mimi nilitaka kurudi. Usiku ule nilimwombea babangu ashindwe. Naliandika hili leo na bado naona haya.

Na kwa siku mbili ilikuwa kama nimejibiwa. Baba alilitazama gongo la gofu akaona bakora iliyogeuzwa kichwa chini, akalipima kama alivyopima bakora maisha yake yote: toka ncha mpaka pale mti unapoanza kupinda. Akakata mawili. Mzungu alipokuja akayasimamisha sakafuni kama anavyoyashika uwanjani, na lililopaswa kuzidi likawa limepungua. Vichwa vilikuwa na shingo zisizolingana, na Baba shingo hakuzipima. Mzungu hakugomba, aling'ata midomo tu. Akasema atarudi Jumatano, na tukabaki na magongo saba ya chuma, kitu ambacho ukishakikata hakioti tena.

Asubuhi nzima Baba alikaa mbele ya gongo moja akilisimamisha na kulilaza. Nikamsikia akijisemea, "Linaanzia chini, linapokanyaga." Nikaelewa hata mimi. Urefu wa gongo huanzia sakafuni, kichwa chake kikiwa kimetulia na mpini umelala upande kama ngazi iliyoegemezwa. Rula nayo lazima ilale vivyo hivyo, na rula ya babu, kwa ncha yake iliyonyooka, ikilazwa ilikanyaga kwa pembe moja tu. Ilitakiwa ikatwe mshazari, ipigiliwe kwenye ubao ulio bapa, ili gongo na rula visimame ubavu kwa ubavu.

Baba akatoa msumeno. Hapo ndipo nilipoikalia rula.

"Ondoka, mwanangu, nna kazi."

"Si ya babu hii? Tukirudi utapimia nini?"

Alichuchumaa mbele yangu. Nilitazamia anikaripie, akanifuta pua kwa ncha ya kikoi chake. "Ya babu, ndiyo. Na babu'yo alikuwa fundi. Inuka."

Nikainuka. Shaba ilianguka sakafuni, harufu ya msaji ikajaa uani, nami nililia kama aliyefiwa. Kwa akili yangu ya utoto niliona kwamba mtu anayekata rula hiyo hana tena safari.

Jumatano magongo yalipangwa ukutani, na ncha za mipini zikashuka nusu inchi kwa nusu inchi bila kosa. Hata yale mawili, maana lililopungua Baba alilirefusha kwa kigingi cha mti ndani ya bomba la mpini wake. Mzungu aliipenda rula kuliko magongo. Mwezi haukwisha Baba akaingia karakana ya kampuni, na sisi tukahamia nyumba yenye vyumba viwili na mlango wetu wenyewe.

Lakini "tukirudi" hakuiacha. Aliisema kila jioni, miaka mingi, mpaka nilipoolewa. Mimi niliyekwisha jua kwamba haturudi nilimwonea huruma babangu, nikamwitikia "inshallah, Baba" kwa sauti ya kuchangamka, ili moyo wake usivunjike.

Baada ya kumzika Baba nilimwambia Mama jinsi nilivyokuwa nikimdanganya.

"Baba'yo alijua toka siku tuliyopanda meli," akasema. "Mimi na yeye hatukupata hata siku moja kuzungumza habari za kurudi. Ile alikuwa akikwambia wewe, upate kulala."