Mabati Manane Chini ya Kitanda

Mama yangu hakuweza kuvumilia majani marefu. Katika kambi ya wafanyakazi kule Likasi, msimamizi alipita kila Jumamosi kukagua viwanja, na mwenye majani yaliyozidi kifundo cha mguu aliaibishwa mbele ya majirani. Mama hakuaibishwa hata mara moja. Alifagia mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu, na nadhani hata kuku wetu walikuwa wakimwogopa.

Kisha kiwanda kikaacha kulipa. Baba aliendelea kwenda kazini karibu mwaka mzima bila mshahara, kwa sababu hakujua mtu hufanya nini na asubuhi. Mwishowe tukahamia kijijini, nyumba kama ishirini katikati ya uwanda wa majani, kando ya njia wanayopita wachuuzi wa samaki wa ziwa Tshangalele. Hatukuwa na ndugu pale. Mkuu wa kijiji alitupa nyumba iliyoachwa na kipande cha shamba, nasi tukamshukuru kwa midomo.

Kabla ya kuondoka kambini, baba alibomoa jiko alilolijenga mwenyewe uani na kuchukua mabati yake manane. Aliyafunga kwenye baiskeli, akaisukuma siku mbili, akayalaza chini ya kitanda. Nyumba ya kambini ilikuwa imeshaingiwa na watu wengine, kwa hiyo mabati yale ndiyo yaliyokuwa Likasi yetu. Kiwanda kikifunguka tungerudi, tungeinua kuta mahali fulani, na paa lilikuwa tayari. Kila mwisho wa mwezi baba alipanda baiskeli kwenda kutazama karatasi za majina ya wanaoitwa tena kazini, zinazobandikwa getini mwa kiwanda. Siku ya tatu alirudi na kusema neno moja tu: "Bado."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watu huniuliza kama niliumia kuacha shule na rafiki zangu, na wanataka niseme ndiyo. Sikuumia. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilichota maji, nilitwanga mahindi, nililala.

Jirani yetu alikuwa bibi mjane ambaye wote tulimwita nkambo. Paa lake la majani lilikuwa limeoza hata ukiwa ndani uliona mawingu. Kiangazi cha pili nilimwona akizunguka nyuma ya nyumba yetu, penye majani mazuri kuliko yote, akiyafunga mafundo pembeni, fungu hapa, fungu pale. Msichana mmoja kisimani aliniambia maana yake: majani yenye fundo yana mwenyewe, yanangoja kukatwa. Nkambo alikuwa akimsubiri mpwa wake kutoka Buluo aje kumkatia. Watu wengine walikuwa wameshakata yao, na wawindaji wa panya walikuwa wameshachoma uwanda uliobaki.

Mchana mmoja mama alisimama mlangoni, akayatazama majani yale, akasema, "Hapa kwetu sasa ni pori kabisa. Lete moto."

Nilijua. Nataka ieleweke kwamba nilijua. Mafundo niliyaona kwa macho yangu, na maana yake niliambiwa. Nikaenda jikoni, nikachukua kijinga cha moto, nikampa. Mama sikuwa nimemkasirikia, na nkambo sikumchukia. Kufungua mdomo kulionekana kazi kubwa, basi.

Majani makavu hayamngoji mtu. Nkambo alipofika, mahali pote palikuwa peusi na mama alikuwa amesimama na ufagio, ameridhika.

"Mama, unaunguza nyumba yangu," nkambo alisema.

"Nyumba? Nyumba yako si ile pale? Haikuungua."

"Ile majani njo ilikuwa nyumba."

Mama alishusha ufagio. "Miye sikujua, mama. Nilipenda tu fasi ikuwe propre, ikuwe safi."

Mkuu wa kijiji aliwaita wazazi wangu jioni ile. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Bantu ba ku kambi, hamukuona mafundo?" Mama akaapa kwamba hakuona, na ilikuwa kweli. Mimi nilikaa nyuma yake nikikuna goti. Mkuu akakata shauri: mvua ya kwanza imkute nkambo chini ya paa. Isipokuwa hivyo, nkambo ataingia katika nyumba yetu, na sisi turudi tulikotoka. Tulikotoka hatukuwa na hata pa kulaza kichwa.

Baba alizunguka na kisu na baiskeli majuma mawili kutafuta majani. Alirudi na mafungu matatu mabovu, ambayo yasingefunika hata banda la kuku. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Kambove. Mama akamwonyesha kwa kidevu mabati chini ya kitanda.

"Ile manjanja hapana," baba alisema. "Ile ni ya kurudia nayo ku Likasi. Ukigusa ile, mambo yetu inaisha."

Mwisho wa mwezi ulipofika, alikwenda getini kama kawaida. Alipotoweka tu, mama aliingia chumbani, akaburuta mabati, akanitazama. "Shika huku," akasema. Tulivuka njia mara nne, mabati mawili mawili, nayo yakapiga kelele njia nzima. Wanaume wa kijiji, ambao hawakuwahi kuezeka kwa bati, walipanda na kupigilia misumari kila walipoona panafaa.

Baba alirudi siku ya tatu. Yule anayekuja kupitia uwandani huonekana kutoka mbali, na sisi pia tulionekana: nilimwona akisimama, akashuka, akakinga macho kwa mkono. Katika kijiji kizima cha majani, kitu kimoja tu kilikuwa kinang'aa. Alisukuma baiskeli njia yote iliyobaki. Mama aliingia ndani akakaa juu ya kitanda.

Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa nkambo, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nani alipiga misumari mu shimo?" akauliza.

Alieleza polepole, kama anayefundisha mwanagenzi, kwamba bati lina mgongo na bonde. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni. Akapanda. Aling'oa misumari yote, akainyoosha juu ya jiwe, akaipigilia upya. Yakabaki matundu mabondeni, mengi, na mwanga ulipita humo ukaangukia mkeka wa nkambo.

Baba alishuka. Aliigeuza baiskeli yake kichwa chini, akafungua gurudumu la nyuma na kutoa mpira wa ndani. Akaanza kuukata vipande vidogo vya kuzibia, kimoja kwa kila tundu.

Mama alikuwa ametoka mlangoni. "Na ku Likasi utaenda na nini?"

Baba hakuinua kichwa. "Munipatie kisu ingine. Hii haikate."

Nilikimbia kuchukua kisu. Hapo ndipo nilipoona aibu, na ilikuwa nzito hata nikajikwaa kwenye kizingiti ambacho nilikivuka kila siku. Nilitaka kumwambia habari za mafundo. Maneno yalifika mdomoni, nikayameza, na baba aliingia kaburini bila kuyasikia. Nilimpa kisu, nikauvuta mpira kwa mikono miwili ili aukate vizuri.