Taulo Moja, Macho Sita

Hapana, Kiprono, usiniambie mpaka leo eti mimi ndiye nilikutazama nikakupa macho mekundu. Wewe ndiye uliyaleta kutoka shule. Kila nikinusa chai ya strungi iliyopoa, ile haina maziwa, nakumbuka hiyo wiki na hasira inanipanda upya.

Wacheni niwaeleze. Nilikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa Jumanne, na mwalimu mkuu alikuwa amesema mwenye macho mekundu asikanyage shule. Kwetu Kiptere kila mtu alijua huo ugonjwa unashikwa kwa kutazamana. Kwa hivyo Mama alitukalisha tukule ugali kila mtu akiangalia ukuta wake, kama watu wamekosana. Nikigeuka kidogo tu: "Wewe Chelagat! Unataka macho ya ndugu yako?"

Alhamisi asubuhi Kiprono aliamka kope zimeshikana na tongo. Mama alichovya taulo kwa strungi, akamfuta pole pole, halafu akamfuta Chebet, mdogo wetu, halafu akaja kwangu. Taulo hiyo hiyo! Nikakimbia nje. Kesho yake Chebet hakuweza kufungua macho.

Jumamosi nilimbeba mpaka zahanati ya shamba la chai. Dresa, yule mhudumu wa kutibu watu hapo, mzee mmoja mfupi, alimpaka dawa ya tyubu, akaniuliza tunajifuta na nini.

"Taulo."

"Kila mtu na yake?"

Nikacheka. Nani ako na taulo yake?

"Basi endeleeni kuangalia ukuta, na mkimaliza mpakane ugonjwa. Kutazama hakuna shida, msichana. Ni mikono na hicho kitambaa. Naweni na sabuni."

Nilipomwambia Mama kila mtu awe na kitambaa chake, alifoka. "Sasa watoto wangu ni uchafu? Niwatenge kama wageni?"

Nilifikiri ni ubishi tu. Nimemaliza sekondari ndio nikaelewa: kwake, mtu akitengewa kitambaa amekataliwa, na hangemkataa mtoto wake akiwa mgonjwa. Sawa. Lakini alikuwa anatumaliza na hayo mapenzi.

Jumapili jioni macho yangu yalikuwa bado mazuri, na Mama alikuwa ameanika taulo tayari kwa kazi. Nikaamua: kesho naamka kabla yake, nachemsha maji, nakata hiyo taulo vipande vinne, kila mtu na chake, hata Mama. Akitaka kunichapa, anichape nikiwa naona.