Kibuyu cha Asali Kule Hirbadaw

Mke wangu husema nina hasira za karibu na maneno mengi, na kwamba Mungu aliniita kwenye uinjilisti ili nipate mahali pa kuyamalizia. Basi siku ile ya Hirbadaw maneno yote yaliniisha mdomoni.

Kijana wetu wa pili alikuwa amempenda binti wa wafugaji wa huko. Sisi ni watu wa Gitting, watu wa ngano na maharage, na majirani waliguna: jamani, wasichana wa huku wamekwisha? Mimi nilifurahi sana. Binti mwenyewe alishaanza kuja kanisani, na ana kicheko kinachomwamsha hata anayesinzia kwenye mahubiri yangu.

Mshenga wetu alikuwa jirani yangu. Kidatoga, lugha ya wafugaji hao, alikijua kuliko mtu yeyote kijijini, maana alijifunza minadani na kwenye vilabu vya pombe. Enzi hizo alikunywa mpaka akauza mabati ya nyumba yake, watoto wakanyeshewa. Siku aliyokuja kwangu analia kama mtoto, nilimwambia, "Usipoonja wewe, sionji mimi." Sikuwa mlevi, ila glasi moja ya harusini sikuwahi kuikataa. Tangu hapo hatukuonja, mimi na yeye. Hata togwa ikianza kuchachuka tuliipita mbali.

Njiani kwenda Hirbadaw alituhakikishia kwamba wenyeji wakishajua sisi ni watu wa kanisa, watatupa maziwa. Wapi bwana! Tuliwaamkia wazee shikamoo, tukakalishwa vizuri, mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yakaenda kwa vicheko. Mwishoni baba wa binti akatoa kibuyu cha pombe ya asali, akanywa, akajifuta mdomo, akaninyooshea. Kwao, baba wawili wakishakunywa kibuyu kimoja, ndoa imekubalika. Kama mmoja hakunywa, hakuna ndoa.

Harufu ilikuwa tamu, nisidanganye. Kijana wangu alikuwa ananitazama, macho yamemtoka. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba, gusa tu na midomo. Mungu anaona ni kwa ajili ya mtoto."

Nilikuwa karibu kukipokea. Halafu nikamwona mshenga. Alikuwa kulia kwangu, na kibuyu kikitoka kwangu kilikuwa kinakwenda kwake. Alikuwa ameikalia mikono yake miwili, anameza mate. Nikajua kwamba nikigusa mimi, na yeye atagusa, na akigusa hatarudi.

Nikasimama. "Mzee wangu," nikasema, "binti yako nimempenda kama wangu wa kumzaa. Lakini hiki siwezi kunywa. Nilimwahidi Mungu, na nikamwahidi mtu. Nisamehe."

Mshenga akaanza kutafsiri. Lo! Mimi nilisema maneno machache, yeye akaendelea na kuendelea. Mara anajipiga kifua, mara ananionyesha kwa kidole, mara sauti inamkatika. Hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, huyu naye, mtoto wangu anakosa mke, yeye anahubiri! Nilitaka kumkatiza, mke wangu akanibana goti.

Alipomaliza, baba wa binti alimtazama yeye kwa muda mrefu, mimi wala hakunitupia jicho. Kisha akakiweka kile kibuyu nyuma ya mgongo wake na kuita kitu kwa sauti kubwa. Akatoka bibi wa binti na kibuyu kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, amekikumbatia na anacheka. Maziwa ya mgando, yananukia mkaa uliosuguliwa kibuyuni. Baba wa binti akanywa, nikanywa, mshenga akanywa. Nikadhani tumemaliza, kumbe bibi bado. Kila nilipopumua aliniongezea, na mshenga akanitafsiria: "Mwinjilisti, kunywa! Haya Mungu wako hajayakataza!" Wazee walicheka mpaka fimbo zikawaanguka. Niliondoka pale tumbo limekaza kama ngoma, nikiimba pambio kwa sauti ya juu, na kijana wangu akiimba kunizidi.

Tulipofika njia ya kupanda Gitting nikamuuliza mshenga aliwaambia nini kirefu vile.

"Niliwaambia huyo mtu aliyeahidiwa ni mimi," akasema. "Nikawaambia habari ya mabati. Nikawaambia, huyu akinywa leo, kesho mimi nimelala mtaroni, na hamtapata mshenga wa kuwaletea ng'ombe wenu."

Nililia. Mbele ya mwanangu, sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nimefikiri mimi ndiye ninayemshikilia asianguke.

Harusi ilifungwa kanisani kwetu. Baba wa binti alikuja na shuka lake na fimbo yake, akakaa benchi la mbele, akasimama kila tuliposimama. Tulipotoka nje, vigelegele vimepamba moto, akachomoa kibuyu ndani ya shuka. Haya, nikasema, tumerudi palepale, na leo wazee wa kanisa wote wanatazama.

"Asali," akasema kwa Kiswahili cha polepole. "Asali na maji. Mizizi ya kuchachusha sijaweka."

Nikanyoosha mikono yote miwili kupokea, kama mtumishi. Akanipita! Akaenda moja kwa moja kwa mshenga na kumwekea kile kibuyu mikononi.

"Anza wewe," akasema.

Mshenga alikishika, akakinusa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakunywa. Alinigeukia, akanivuta kwa mkono mpaka tukasimama bega kwa bega.

"Mwinjilisti," akasema, "leo tuonje."