Mpesheni wa Tata na Kikapu cha Kanja

Harufu ya kaiyaba iliyooza hunirudisha Kaaga popote nilipo. Kwa asiyeijua, kaiyaba ni mti wa ua wenye miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Matunda yake ni ya manjano na machachu kiasi kwamba hata mbuzi huyanusa akaondoka. Yalikuwa yakianguka chini ya ua wa Tata, shangazi yangu, yanapasuka na kuchacha kwenye jua, na ukifungua dirisha la jikoni mchana harufu yake inaingia kama ya pombe iliyosahauliwa. Ua huo ulizunguka kiwanja chote na ulimzidi mtu mzima kwa urefu. Palikuwa na uwazi wa mtu kupita mahali pamoja tu, kwenye geti la bati lililopakwa rangi ya buluu, ambalo Tata alilifunga kila asubuhi akienda kazini. Kufuli lilikuwa nje. Mimi nilikuwa ndani.

Sasa niko kidato cha nne na bado mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, lakini wakati huo, nikiwa darasa la sita, sikuwa na hata huko kuandika. Nilikuwa mtoto wa Kanja, kule Embu, nyumbani kwa mama yangu na Cucu, nyanya aliyemzaa mama. Baba alikuwa dereva wa lori, na Tata ni dada yake mkubwa. Tata alikuwa karani katika ofisi moja mjini Meru, hakuwa na mtoto, na alipojitolea kunilipia shule Kaaga, ambako shule ni nyingi kuliko maduka, hakuna aliyeona sababu ya kuniuliza mimi. Wiki yangu ya kwanza kule nilibeba begi la shule, nikapita njia ya stendi badala ya njia ya darasani, nikakamatwa na mwalimu aliyekuwa akinunua gazeti. Tangu siku hiyo Tata alinipeleka shuleni kwa mkono na kunirudisha kwa mkono. Wikendi akiwa na shughuli zake, na siku zote za likizo, alinifungia. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Alinifungia tu, kama vile mtu anavyofunga kabati la vyombo vya wageni, na alipoondoka nilisikia viatu vyake vikienda mpaka visisikike tena, halafu nikabaki na kuku wawili na redio.

Cucu ndiye aliyenileta siku ile ya kwanza, na hakuja mikono mitupu. Alileta kikapu cha kusokotwa, chenye mistari ya zambarau na kijani, kimejaa matunda damu ya shambani kwake, yale mekundu yenye umbo la yai ambayo ukiyapasua yanakuchafua mpaka kwenye viwiko. Tata aliyapokea kwa mikono miwili. Kwetu, kikapu kilicholetwa kimejaa hakirudishwi kitupu, na hakijazwi kwa vitu vya kununua sokoni kama kwamba umekosa cha kutoa. Kinajazwa kwa kitu kilichotoka kwenye udongo wako. Tata alikuwa mtu wa mjini mwenye kiwanja kidogo na kuku wawili. Alikitundika kikapu kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akamwambia Cucu, "Mama, hiki kitarudi na huyu mtoto. Siku atakayokuja kuwatembelea, atakibeba yeye mwenyewe." Cucu akafurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu sikuelewa. Likizo ya Aprili ilipofika, nikauliza kama naenda nyumbani. Tata akaangalia kile kikapu na kusema, "Na nini ndani?"

Ndiyo maana akapanda pesheni. Alikuwa amekula tunda moja la njano kwenye arusi ya mfanyakazi mwenzake, kubwa kama ngumi, akafunga mbegu zake kwenye kitambaa na kuzisia kwenye mkebe wa maziwa. Zilipoota, zikawa miche mingi, mizuri, yenye majani yanayong'aa. Kama ungekuwa mtoto wa wakulima wa Githongo kama Tata, ungefanya alichofanya. Ulipokuwa mdogo ulifundishwa kwamba mahindi yakiota matatu shimo moja unang'oa mawili dhaifu ili moja linenepe. Tata akachagua mche ulionona kuliko yote, akaupanda kando ya ua, akaing'oa mingine yote na kuwatupia kuku. "Mmoja wenye nguvu," aliniambia akijipangusa udongo, "unazidi kumi ya kubembeleza." Nami nikawa mlinzi wake. Kila siku ya likizo kazi yangu ilikuwa kuumwagilia maji ya kuoshea mboga, kuupa samadi ya kuku, na kuielekeza mikono yake midogo inayojisokota kwenye waya. Mama alipokuja kunitazama mwezi wa Agosti, walikaa sebuleni na Tata wakinywa chai, wakaongea kwa adabu nyingi. Nilipomsindikiza mama mpaka getini, akanishika kichwa. "Vumilia kidogo. Nikikuchukua hivi, watasema tumemdharau. Wewe tunza huo mti wako." Niliutazama ule mti vile watoto wengine wanavyotazama kalenda.

Ulikua, jamani. Kufikia Novemba ulikuwa umefunika upande mzima wa ua, na matawi mengine yalikuwa yamevuka juu ya miiba yakaningʼinia kwa jirani, kitu ambacho mimi sikuweza kufanya. Halafu maua yakaja. Aliyewahi kuona ua la pesheni ya njano anajua kwamba halifunguki asubuhi kama maua mengine. Linangoja mchana, jua likiwa utosini, ndipo linafunguka taratibu, jeupe lenye nywele za zambarau kuzunguka, na katikati vijiti vitatu vilivyochongoka. Harufu yake ilishinda ile ya kaiyaba. Jioni linajifunga. Kesho yake likawa la manjano, likaanguka. Yote yalianguka. Nilifagia maua chini ya ule mti kila asubuhi mpaka Krismasi ikapita, na sikuona hata tunda moja upande wetu. Tata akaongeza samadi. Akaufokea mti. Akasema labda ni wale nyuki weusi wakubwa waliotoboa mbao za paa, wananyonya utamu wote, kwa hiyo akapanda ngazi siku ya Jumamosi na kuziba kila tundu kwa pamba iliyochovywa mafuta ya taa. Baada ya hapo hata ule mngurumo wa mchana ukaisha. Nilibaki na redio.

Upande wa pili wa ua aliishi Mama Mutwiri, muuzaji wa ndizi sokoni, ambaye Tata hakuwa akisema naye tangu siku jirani huyo alipoupunguza ua wetu bila kuuliza. Nilimjua kwa sauti tu. Alizoea kunichokoza kupitia miiba. "Mfungwa! Leo jela mmepikiwa nini?" Mimi, kwa haya zangu, nilijifanya sipo. "Kwani Karani amekukata ulimi? Kohoa basi nijue uko hai." Siku moja nikakohoa. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilisikia kiti kikilalamika. Kuanzia hapo nilianza kumjibu neno moja, kisha mawili, na siku niliyofagia maua huku nalia nikamwambia yote, kuhusu kikapu na msumari na mti usiotaka kuzaa.

"Njoo hapa chini, kwa hili shimo la kuku," akasema.

Niliinama. Mkono wake ulipenya chini ya kaiyaba, umekwaruzwa na miiba, na kwenye vidole vyake palikuwa na ua la pesheni lililofunguka.

"Mti wenu ni mmoja. Hii ya njano haijitoshelezi, inataka unga wa mti mwingine. Mimi nina huu wangu, uliochelewa kuchanua. Nyuki wangetuletea na kutupelekea, lakini Karani amewafukuza, mimi mwenyewe nagusa kwa kidole. Hayo matawi yenu yaliyokuja kwangu nimeyagusa pia. Hujui yamezaa? Yote yamezaa."

Sikujua. Sikuweza kuona. Mti wetu ulikuwa na matunda, ila kwenye yale matawi yaliyovuka ua peke yake.

"Nikuletee hayo?" akauliza.

"Yako kwako. Tata atasema ni yako."

"Atasema hivyo kweli, namjua. Basi shika hili ua. Huo unga wa njano, pakaza juu ya vile vijiti vitatu. Polepole, si kupaka rangi nyumba."

Siku zote za likizo zilizobaki, kila mchana maua yalipofunguka, mkono ulipenya na maua, nami nikapanda juu ya ndoo na kupakaza moja baada ya jingine, vidole vikinata. Shule zilipofunguliwa maua yalikuwa yamepungua, lakini kwenye waya palikuwa na vitu vidogo vya kijani, vigumu kama gololi. Tata alipoviona alisimama na mkoba wake begani, akaviangalia kwa muda. "Unaona samadi?" akasema. Kutoka ng'ambo ya ua tulisikia mtu akipaliwa na chai.

Pesheni ya njano huwezi kuichuma ukaiwahisha. Inajiachia yenyewe. Mwezi wa Machi, mvua ikianza, nilikuwa nimelala macho nikisikiliza, na alfajiri moja nikalisikia la kwanza likigonga udongo, pu, kama mtu aliyeshusha mguu mmoja kutoka kitandani. Niliokota kila siku na kuyaweka kwenye beseni jikoni, chini ya kile kikapu. Nilikuwa nimeshapanga vitu vyangu. Nilikuwa nimeshaamua nitakaa upande gani wa gari ili niuone mlima. Jumamosi jioni beseni lilijaa, na Tata akalifunika kwa kitambaa cheupe. "Kesho tunayapeleka kanisani," akasema bila kunitazama. "Ya kwanza ni malimbuko."

Sikulala na hasira. Nililala bila kitu chochote. Baada ya ibada, mnada ulifanyika uani kama kawaida, mzee wa kanisa akiinua kuku, sukari, mikungu ya ndizi, watu wakishindana na kutaniana. Beseni letu likainuliwa. Waumini wakaguna kwa kupendezwa, na Tata akanyoosha mgongo. Mtu akataja bei, mwingine akaongeza. Sijui mkono wangu ulipandaje. Mimi niliyekuwa nikijibu present mwalimu akiita majina huku nimeinamisha kichwa, nilisimama na mkono juu.

"Huyu mdogo anatoa ngapi?" mzee akauliza.

"Sina," nikasema. "Lakini ni ya kikapu cha Cucu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Tata akanivuta sketi, "Keti chini, Kinya, unaniaibisha." Ndipo sauti niliyoijua kutoka nyuma ya miiba ikataja bei ambayo hakuna aliyetaka kuifuata. Kwa mara ya kwanza nikamwona Mama Mutwiri mzima mzima: mfupi, kofia ya sufu, mikono imejaa mikwaruzo. Alibeba beseni mpaka tulipoketi, akaliweka mapajani mwangu. "Karani," akamwambia Tata mbele ya watu wote, "yametoka kwenye udongo wako. Sasa utatoa sababu gani?" Tata akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Asante, Mama Mutwiri." Jioni ile alikitoa kikapu msumarini mwenyewe, akakipangusa vumbi, akayapanga matunda moja moja, makubwa juu. Shule zilipofungwa wiki iliyofuata akanisindikiza stendi, na tukiwa njiani akaniuliza mara mbili kama nimesahau chochote.

Kanja nilikaa likizo nzima. Nilichuma majani chai, nikalala kitanda kimoja na mama, nikafungua mlango wa mbele na kuufunga na kuufungua tena, bila sababu. Cucu aligawa pesheni kwa majirani akitaja jina la Tata kila mara. Siku ya mwisho nilimkuta jikoni akipangusa matunda damu kwa khanga yake na kuyapanga ndani ya kile kikapu.

"Cucu, unafanya nini?"

"Kwani nitamrudishia kitupu?" akashangaa. "Watu waliotutendea hivi?"

Nilikibeba mpaka Kaaga. Geti lilikuwa limefungwa, lakini kufuli lilikuwa upande wa ndani. Nilibisha, nikasikia vile viatu vikija mbio, jambo ambalo Tata hakuwa akifanya, na ufunguo ukakosea tundu mara kadhaa kabla ya kufungua. Nyuma yake niliona meza ya chakula, sahani moja, kikombe kimoja, redio imewashwa. Alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Sikuwa nimewahi kufikiria yeye alikuwa akifanya nini siku zote nilizokuwa sipo.

Ule mpesheni umezeeka na kukauka mwaka huu. Mimi niko bweni sasa, shule yenye ua wa waya na mlinzi mwenye filimbi, na nikirudi Kaaga likizo Tata hanifungii tena. Ufunguo unakaa wazi juu ya friji, na Mama Mutwiri huja kunywa chai kwa mlango wa mbele. Pamba za kwenye paa alizitoa. Mwezi uliopita alipanda miche mipya, miwili, mmoja kila upande wa geti, na ameniomba niiangalie mpaka izae. Nimekubali. Mtihani wa mwisho ukiisha ninaweza kwenda Kanja siku yoyote nitakayo, hakuna wa kunizuia. Lakini kikapu kiko Kaaga, kwenye msumari wake, kitupu, zamu ni yetu kukijaza, na kila ninapopita mlango ule wa jikoni nakiangalia kwanza kabla sijatoka.