Makoti ya Bendi ya Zamani

Nilikwenda Iringa mwezi ule wa Juni kwa kazi moja tu: kuiondoa cherehani ya baba nyumbani. Barua yake ilikuwa fupi kama zote alizoandika tangu mama afariki. Alisema amemaliza kazi, mashine ipelekwe kwa masista wa Tosamaganga wakafundishie wasichana, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na likizo, nije niisindikize. Landrova ya misheni ingepita Jumatatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kazi yangu ilikuwa Uyole kwenye utafiti wa kilimo. Nililipwa kuuliza maswali kuhusu viazi. Nje ya kazi niliuliza kuhusu kila kitu kingine bila malipo. Nilimwuliza padri, nilimwuliza balozi wa nyumba kumi, nilimwuliza dereva wa basi kwa nini tunasimama Makambako saa nzima. Kwa hiyo nilimhoji baba vilevile. Mikono inatetemeka? Hapana. Macho? Anaona vizuri. Wateja wamekwisha? Wanakuja kila wiki, anawarudisha. Basi kwa nini?

"Nani atashona matundu?" akaniuliza.

Baba ni fundi wa makoti. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na soko la Iringa, yeye akikata na kupiga mashine, mama akiwa kwenye kigoda pembeni yake akimalizia kwa mkono: pindo, bitana, na matundu ya vifungo. Wateja walimfuata baba, lakini mafundi wenzake walipopita walikuwa wanageuza koti lililotundikwa na kutazama matundu ya mama, jinsi uzi ulivyolala sawasawa kama ukindu kwenye mkeka. Baba mwenyewe hakuwahi kushona tundu hata moja. Mama alikuwa amelala kaburini mwaka mmoja na miezi miwili, baba alikuwa ameihamishia mashine nyumbani, na kile kigoda kilikuwa palepale kando yake. Siku niliyofika nilitaka kukikalia nivue viatu, baba akanisogezea kiti kingine.

Jumamosi asubuhi wakaja wazee wanne na gunia. Wawili niliwajua kwa sura. Mmoja alikuwa tarishi mstaafu wa bomani, na mwingine, mnene kuliko wote, alikuwa na mashine ya kusaga nje ya mji. Nilichokuwa sijui ni kwamba walikuwa bendi. Miaka ya hamsini walikuwa wakipiga dansi Iringa kila Jumamosi, kisha bendi ikafa polepole. Huyu alihamishwa kikazi, yule alioa mke asiyependa muziki. Sasa walikuwa wamealikwa Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima ya Saba Saba, wapige nyimbo za zamani. Walikuwa wamebaki sita. Wakalimwaga gunia juu ya meza: makoti sita ya sufu, ya buluu iliyopauka mpaka ikakaribia majivu. Baba ndiye aliyeyashona, mama akayamalizia, mwaka niliozaliwa mimi.

"Kamwene, fundi," alisalimia kwa Kihehe yule mnene, ambaye ndiye mpiga ngoma wao. "Haya makoti yamepungua."

"Koti halipungui," baba akasema.

"Yamepungua. Mimi ni yuleyule."

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Baba hakucheka. Aliwaambia ameacha kazi, na hata angekuwa hajaacha, kitambaa kama kile hakipo dukani, wao wenyewe wanajua. Ilikuwa kweli. Mwaka ule hata kaniki ilikuwa ya kupanga foleni.

Nikaona hapo ndipo pa kutoa mchango wangu. Niliwaeleza, kwa adabu kama nilivyodhani, kwamba chuoni tulilijadili jambo hili kwa kirefu: dansi ya tai na koti ilikuwa kuwaiga watawala, na mimi sikuona kwa nini watu huru waikumbuke kwa furaha miaka waliyokuwa chini ya mkoloni. Nikawauliza walikuwa wanafurahia nini hasa.

Tarishi alilifikiria swali langu kwa makini kuliko lilivyostahili. "Jumamosi," akasema. "Tulikuwa tunafurahia Jumamosi, mwanangu. Jumatatu hatukuipigia wimbo." Kisha akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. "Na hiyo uliyovaa, umemwiga nani?"

Nilikuwa nimevaa bugaluu niliyoshonesha Dar es Salaam, imebana mapajani halafu ikafunguka chini kama mdomo wa tarumbeta. Nilikuwa naipenda sana suruali ile.

"Mwacheni," baba akasema. "Kitambaa chake chote kimekwenda miguuni."

Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu nifike, na nadhani wazee nao walilisikia hivyo, maana hawakubembeleza tena. Mpiga ngoma alisema wataliacha gunia hapo. Siku ya safari watapita kulichukua. Kama makoti yatakuwa vilevile watayavaa vilevile, yapasuke mbele ya umma wa Mbeya, na watu wakiuliza fundi ni nani, watataja jina na mtaa.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, nilimkuta baba ameketi na koti moja mapajani, la yule tarishi. Nilidhani anataka kunionyesha kwamba haiwezekani. Alichukua wembe, akaligeuza koti ndani nje, akaanza kuufumua mshono wa ubavuni, kifundo kimoja baada ya kingine, taratibu, kana kwamba nyuzi zile zingeumia. Mshono ulipoachana, kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kikafunguka. Kilikuwa buluu. Si ile buluu ya majivu ya nje, bali buluu iliyoiva, kama siku kilipotoka kwenye jora. Jua, jasho na sabuni havikuwahi kukifikia.

Mafundi hukiita akiba, kile kitambaa kinachoachwa ndani ya mshono ili nguo iweze kupanuliwa baadaye. Nilijua hilo toka utotoni. Lakini akiba niliyoizoea ni ya upana wa kidole. Hii baba aliipima kwa futi yake: inchi mbili kila upande, na mgongoni vivyo hivyo.

Nikauliza, maana sikuweza kutouliza, kwa nini fundi aache kitambaa chote hicho mahali pasipoonekana. Si ni hasara?

"Mimi nilitaka inchi moja," akasema. "Mama yako ndiye aliyesema mbili. Tuligombana siku nzima. Nikamwambia, hawa vijana wamekonda, wana miaka ishirini na mitano, inchi mbili za nini? Akaniambia, 'Kwani unawashonea wa leo peke yake?'"

Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya matundu ya vifungo, tundu la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna lililokuwa limefumuka. Kisha akasema matundu hayataguswa. Vifungo ndivyo vitakavyosogezwa. Akaniagiza mkaa wa pasi.

Landrova ya misheni ilikuja Jumatatu kama tulivyoahidiwa. Baba alikuwa kwenye mashine, na hakunyanyua kichwa. Alinituma nimwambie dereva aje baada ya Saba Saba, kazi ya mwisho haijakwisha. Neno hilo, la mwisho, alilisema mara mbili ili nisilisahau.

Alifanya kazi siku kumi. Makoti matano yalikubali. La sita, la mpiga ngoma, lilitolewa akiba yote na bado kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali kama watu waliokosana. Baba akamwambia apige likiwa wazi, upepo wa Mbeya umwone. Lakini tatizo kubwa lilikuwa jingine. Kila palipofunguliwa, ile buluu ya ndani ilibaki mstari mweusimweusi, mpana, ukishuka toka kwapani hadi pindoni, na mwingine katikati ya mgongo. Hakuna pasi iliyoweza kuuficha. Baba aliuona ni aibu. Alisema watu watajua haya ni makoti ya kuongezwaongezwa, na hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu ya kazi yake. Kwa sababu hiyo alikataa kwenda Mbeya. Siku ya safari akaja tu, amevaa kofia, bila maelezo, na kutoka Iringa hadi Mbeya aliyapakata makoti yote sita kwa kuwa hakuiamini keria ya basi.

Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa vumbi na baridi. Kulikuwa na ng'ombe wa maziwa wenye utepe shingoni, mabanda ya vijiji, maboga makubwa ambayo nilitaka kujua yalitiwa mbolea gani, na bembea ya farasi wa mbao iliyozungushwa kwa mtambo wa dizeli huku watoto wakipiga kelele juu yake. Upande wa pili vijana walikuwa na banda la disko. Wenye santuri walikuwa na spika mbili ndefu, na ngurumo yake ilifika hadi kwa wale ng'ombe. Bendi yetu ilipewa lori lililoteremshwa kuta, baina ya bembea na mahindi.

Walianza saa nane mchana, na walianza vibaya. Tarumbeta ilikwama katikati ya sauti kama mtu aliyepaliwa. Magita mawili hayakukubaliana. Kijana mmoja mwenye viatu vya raizoni, vile vya soli nene, akapaza sauti akiuliza kama wazee waletewe dawa ya kikohozi.

"Lete," mpiga ngoma akamjibu toka juu ya lori, "na uje na bibi yako, mimi namkumbuka."

Watu wakacheka, na bila kungoja kicheko kiishe bendi ikaingia wimbo wa pili, chacha ya mwendo wa polepole. Sijui kilichotokea. Nilikuwa nimesimama pale na hoja zangu zote tayari, na hoja nyingine zilikuwa nzuri. Lakini mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge na sweta, aliniwekea kikapu chake cha viazi mikononi bila kuniomba, akaenda mbele ya lori akaanza kucheza. Akafuata mwingine. Wakaja wanaume wenye makoti ya mvua, na mzee mmoja wa banda la maboga. Niliwatazama miguu. Nilitegemea kuona watu wanaokumbuka kitu, nikaona watu wanaofanya kitu, wanahesabu hatua, wanakosea, wanarudia.

Ndipo mpiga saksafoni alipoinua mikono juu kuomba makofi, na wenzake wakageuka pamoja, hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia, kama walivyozoea zamani. Mistari yote ya buluu ikaonekana kwa mara moja, ubavuni na mgongoni, ikifunguka na kujifunga. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Cheki makoti." Walikuwa vijana wa disko. Walikuwa wametoka bandani kwao wanne, kisha kumi, na hawakuwa wanacheka. Yule wa raizoni aliniuliza mtindo ule wa mistari unashonwa wapi, Lusaka?

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mwenye viazi alirudi, akaweka kikapu chini, akanishika mkono. Nilimwambia sijui kucheza. Akasema ameshaona. Nilijitahidi. Katika zamu ya tatu ya chacha, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, bugaluu yangu ikaachia toka kiunoni hadi nyuma ya paja, kwa sauti iliyosikika kuliko ngoma.

Nilivua sweta langu nikalifunga kiunoni na kumtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameegemea gurudumu la lori, amevua kofia, anacheka mpaka amejishika tumbo. Nilikuwa sijamwona akicheka mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilipomfikia aliniinamisha pale mbele za watu, akakagua palipopasuka kwa vidole viwili.

"Angalia," akawaambia wale vijana walionifuata. "Robo inchi. Hapa hakuna hata cha kushikia sindano."

Yule wa raizoni akamwuliza kama yeye ndiye fundi wa yale makoti. Baba alimtazama tarishi juu ya lori, akipuliza tarumbeta na ubavu wake wa buluu ukipanda na kushuka. Kisha akamwelekeza: Iringa, karibu na soko, baraza ya duka lenye mlango wa kijani. Aje na kitambaa, na asije na kitambaa kidogo.

Njiani kurudi aliniuliza kama nadhani masista watakasirika.

Nilikwenda Tosamaganga mwenyewe kuwaeleza kwamba cherehani haiji tena. Sista mkuu wa ushoni hakukasirika. Aliuliza nani sasa atamshonea baba matundu, nikamwambia hakuna. Akasema si kazi ya miujiza, msichana wake yeyote wa mwaka wa pili anaweza kumfundisha kwa wiki mbili. Baba alichukia kusikia hivyo. Afundishwe na mtoto wa shule, yeye? Lakini juma lililofuata, nilipopita kuaga, nilimkuta na msichana mmoja wa masista, aliyekalia kiti cha wageni, na rundo la vipande vya khanga kuukuu, kila kipande kimejaa matundu mabovu. Tundu hushonwa kwa mkono, mtu akiwa ameketi chini karibu na mwanga. Baba alikuwa amekalia kigoda cha mama.

Koti ninalovaa hapa Uyole asubuhi za baridi alinitumia mwaka jana. Tundu la juu limepinda, na wenzangu ofisini wananiambia nimrudishie fundi. La pili limepinda kidogo. Juzi niligeuza mshono wa ubavuni nikaupima kwa rula ya maabara. Inchi mbili.